Kuchunguza kisima kitakatifu nchini Ireland kabla ya ujenzi: hatua kwa hatua

Visima vitakatifu vingi vya Ireland havina fahari ya kuonekana: chemchemi iliyozungushiwa mawe machache, mti wa miiba uliofungwa vitambaa, basi. Mhandisi wa barabara huona kidimbwi tu. Wewe mwanaakiolojia unatakiwa kujua kilichopo kabla katapila halijafika.

1. Anza na ramani. Angalia orodha rasmi ya mabaki ya kale yanayolindwa, kisha ramani za inchi 6 kwa maili za Ordnance Survey, shirika la serikali la kuchora ramani, zilizopimwa kuanzia miaka ya 1820 hadi 1840. Soma pia masimulizi yaliyokusanywa na watoto wa shule mwaka 1937 hadi 1939. Humo utakuta kisima kilitibu macho au meno, mahujaji walikuja siku gani na walikizunguka kwa njia ipi. Njia hiyo itakuonyesha pa kuchimba.

2. Ongea na wanaokitunza. Mara nyingi kuna mtu anayekisafisha. Mtafute kabla hajaliona tangazo la ujenzi. Vitambaa vilivyofungwa kwenye mti usiviguse, maana aliyefunga chake aliacha maradhi yake pale.

3. Omba leseni. Tangu sheria ya 1930, huchimbi kutafuta mabaki ya kale bila leseni ya serikali, nayo hupewa mwanaakiolojia mwenyewe kwa jina lake.

4. Pima maji. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka ndiko kunakoua visima. Kisima hulishwa na maji yanayoteremka chini ya ardhi, kwa hiyo mtaro wa kupitishia maji ya mvua ukichimbwa juu ya mteremko unaweza kukikausha bila mtu kugusa jiwe lake hata moja. Zamisha mabomba yenye matundu kati ya kisima na eneo la ujenzi, upime kina cha maji kila wiki, kiangazi na masika. Mbao na ngozi zilizo chini ya tope zimedumu kwa sababu hewa haizifikii. Maji yakishuka, hewa inaingia na zinaoza zikiwa bado ardhini. Dai vipimo hivi viwe mezani kabla mchoro wa mifereji haujapitishwa.

5. Chimba mitaro ya majaribio pembeni. Tumia katapila lenye ndoo isiyo na meno, wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Tabaka la kale likitokea, katapila lisimame. Endelea kwa mwiko wa mwashi. Tafuta njia ya mahujaji, misingi ya kanisa dogo, na makaburi. Watoto waliokufa bila ubatizo walizikwa wakati mwingine karibu na visima hivi. Ukiona mifupa ya binadamu, acha kazi, ifunike, toa taarifa siku hiyo hiyo.

6. Kisima chenyewe kiwe cha mwisho. Kama barabara inaweza kusogezwa, kiache. Ikishindikana, geuza mkondo, vuta maji polepole kwa pampu, ondoa tope tabaka kwa tabaka na ulichekeche lote. Usidharau pini, sarafu wala kokoto nyeupe: ni nadhiri za watu. Kisima cha Coventina, mungu wa kike wa maji wa zama za Warumi, kule Carrawburgh, Uingereza, kilichochimbwa 1876, kilitoa sarafu zaidi ya 13,000. Mbao ziweke majini mara tu zinapotoka.

7. Andika ripoti. Nakala moja mpelekee yule anayekisafisha kisima.