Spoki imekatika kwenye gurudumu la baiskeli lisilo na tyubu? Usivue tairi kwanza

Spoki nyingi hukatika kwenye kona, pale inaposhika habu (kitovu cha gurudumu), huku nati yake, inayoikaza upande wa pili, ikibaki nzima ndani ya rimu. Basi acha tairi na utepe unaoziba matundu ya spoki ndani ya rimu. Spoki ikiwa ya upande wa mnyororo, toa kaseti ya gia.

Zungusha gurudumu ili tundu la nati hiyo lije juu kabisa, ndipo ufungue kipande kilichobaki: nati itaning'inia, haitadumbukia. Pitisha spoki mpya ikipishana na jirani zake kama ile ya zamani, kisha kaza robo mzunguko kwa robo mpaka rimu inyooke.

Urefu wa spoki mpya ulingane kabisa na wa ile ya zamani. Ikizidi, ncha hutokeza kwenye nati na kutoboa utepe. Hapo upepo na majimaji ya kuzibia vitavuja matunduni. Nati ikidumbukia au kuharibika, hapo huna budi kuvua tairi na kubandika utepe mpya.