Kuoga ugenini: jua kwanza nongo inatolewa wapi

Mara ya kwanza kuoga nyumbani kwa watu Japani, nilipomaliza nilizibua kizibo, maji yote yakaenda. Nikatoka kifua mbele, nimeacha bafu safi. Kumbe watu wanne walikuwa wakisubiri zamu yao kwenye maji yale yale.

Tangu siku hiyo, kabla sijavua shati ugenini, najiuliza: hapa nongo inatolewa wapi?

Japani, nongo inaishia sakafuni. Kaa kwenye kile kigoda kilicho nje ya hodhi, ujimwagie maji, ujipake sabuni, usugue mpaka nyuma ya masikio. Jisuuze hadi povu liishe kabisa, na kigoda ukisuuze pia. Sasa ingia hodhini, polepole, maana maji huwa ya nyuzi 40 hadi 42. Humo huogi, unajiloweka tu. Kwenye mabafu ya umma kitaulo usikitumbukize majini. Wengi hukiweka kichwani. Nyumbani, ukitoka, yaache maji na urudishe kifuniko.

Finland ni rahisi zaidi: oga, ingia sauna, yaani chumba cha joto kali, kalia taulo lako, tokwa jasho.

Warumi wa kale nongo yao iliondoka na mafuta. Walijipaka mafuta ya zeituni, wakafanya mazoezi, kisha wakajikwangua kwa strigili, chuma kilichopinda kama mundu butu. Unaweza kujaribu kwa mkono mmoja: paka mafuta, fanya kazi mpaka jasho litoke, kwangua kwa ukingo wa kijiko kuanzia kiwiko kushuka. Utashangaa ule ujiuji wa kijivu unaobaki kijikoni. Mimi nilijipaka mwili mzima. Ngozi ikawa laini, shuka zikanuka mafuta wiki nzima.

Matajiri wa Ufaransa katika karne ya 17 waliyaogopa maji ya moto, kwani madaktari walisema yanafungua vinyweleo na kuingiza maradhi. Nongo waliiachia shati la kitani, wakalibadilisha mara kwa mara. Usiwacheke: safarini pasipo na maji, jifute makwapa kwa kitambaa kikavu na ubadilishe nguo ya ndani kila siku. Inasaidia kuliko manukato.

Ukishindwa kubaini, muulize mwenyeji kabla hajafunga mlango: “Nyinyi huanzia wapi?” Mwenyeji wangu wa Japani alicheka tu, akakunja mikono ya shati, akafungulia bomba upya.