Cheni iliyolala mvua nzima: ninavyoitoa kutu

Mpwa wangu alipokwenda chuo, mwezi wa kumi na moja, aliiacha baiskeli yake ya gia upenuni kwetu huku Kiwira, wilayani Rungwe, Mbeya. Nilikuja kuishika mwezi wa tano. Anayezijua mvua za Rungwe hahitaji kuelezwa nilichokuta. Cheni ilikuwa nyekundu kama udongo, na nilipoitoa ikabaki imejikunja vilevile ilivyokuwa imekaa kwenye gia, kama waya.

Mimi nabeba maziwa kwa baiskeli kila alfajiri, na cheni za namna hiyo nimeshazisafisha nyingi. Kabla ya kuchafua mikono napima. Nanyoosha cheni, naweka futi ya chuma katikati ya pini moja, nahesabu pini 24 mbele yake. Cheni ambayo haijachoka husoma inchi 12 kamili. Ikizidi milimita 1 na nusu, imechoka, nunua nyingine. Ikizidi 3, kwa kawaida hata meno ya gia yameshalika nayo. Ukikuta bati za pembeni zina vishimo, au rola (kile kijiduara kinachozunguka pini) imepasuka, usihangaike kabisa.

Ya mpwa wangu ilipona kipimo.

Kinachoanza kutolewa ni mafuta, kutu baadaye. Siki, ambayo ndiyo naitolea kutu, haipenyi kwenye grisi. Naiweka cheni ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, namimina mafuta ya taa hadi yaifunike, nafunga na kutikisa dakika tano. Yakitoka meusi, narudia na mengine. Kisha naiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe. Kazi hii naifanyia nje, mbali na jiko, na chini natandika jani la mgomba ili uchafu usiingie bustanini.

Sasa siki. Naiacha cheni humo nusu saa, naitoa, nasugua kwa mswaki wa zamani na stilwaya ya kusugulia sufuria. Kutu ikiwa bado, nusu saa nyingine, lakini siilazi humo usiku kucha. Niliwahi kufanya hivyo miaka ya nyuma. Ilitoka inang'aa, nikafurahi, na siku ya tatu ikakatika kwenye mlima nikiwa na lita 20 za maziwa nyuma. Asidi ikikaa sana inakidhoofisha chuma kigumu, nawe kwa macho huoni kitu.

Ikitoka kwenye siki naitumbukiza kwenye maji yenye vijiko viwili vya bekingi soda ili kuua asidi, nasuuza, na hapo hapo naikausha. Ukiiacha imelowa, baada ya saa moja utaona wekundu umerudi. Huku kwetu jua ni la kubahatisha, kwa hiyo naining'iniza karibu na mafiga hadi iwe ya moto kidogo mkononi.

Viungo vilivyokaza ndivyo vinavyotaka subira. Pitisha cheni vidoleni, kiungo kimoja kimoja. Kile kisichokunjika kiweke tone la mafuta, kikunje juu na chini, halafu kisukume kidogo kwa pembeni, kushoto na kulia. Mwanzoni utasikia kinakwaruza, na ute mwekundu utatoka kwenye pini. Futa, weka tone lingine. Kutu inayoua cheni ni hiyo ya ndani ya pini. Kwenye baiskeli ya mpwa wangu viungo 11 vilikaza, na vilinichukua jioni nzima.

Gia za nyuma usizitumbukize kwenye siki, kwa sababu ndani ya friwili, kile kitovu kinachobeba gia hizo, kuna gololi na grisi. Mimi nalaza tairi, nasugua meno kwa brashi ya waya iliyoloweshwa siki kidogo, nafuta kwa kitambaa chenye maji ya soda, nakausha. Kati ya gia na gia napitisha kipande cha khanga kuukuu kama anayesugua mgongo kwa dodoki. Vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa gia vinashika tope gumu. Likwangue kwa kijiti.

Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi. Wakati wa mvua natumia oili mpya ya injini, nzito kidogo. Oili chafu ya gari siitaki, ina vumbi la chuma linalosaga pini, na mafuta ya kula yanaganda kama gundi. Cheni ikisharudi kwenye gia, tone moja juu ya kila rola, zungusha pedeli kinyumenyume dakika mbili, kisha ufute nje yote, maana mafuta ya nje kazi yake ni kuokota mchanga tu.

Kama cheni yako ina klipu, yaani kile kibati kidogo kinachofunga kiungo cha kuunganishia, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda.

Siku hizi nikirudi na mvua kutoka kupeleka maziwa, naifuta cheni kabla sijavua buti.