Barfi ya tende na lozi, mithai isiyotiwa sukari

Wifi yangu alinipigia simu akitaka kujua kwa nini tende zake zimekataa kushikana na lozi. Nilimwelekeza mpaka barfi ikasimama, na haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyokosa nafasi kwenye simu.

Kule Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, mithai hii huitwa khajur pak, na hupikwa zaidi wakati wa Diwali na miezi ya baridi. Mithai nyingi za Kihindi hutegemea shira ya sukari, au maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka. Hii haina shira wala maziwa, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kupika mithai anaweza kuanza nayo. Ila tusidanganyane: kiasi cha theluthi mbili ya uzito wa tende kavu ni sukari yake yenyewe. Mwenye kisukari asiihesabu kuwa chakula huru. Uzuri wake ni kwamba inakuja na nyuzinyuzi na mafuta mazuri ya lozi na korosho, na kipande kimoja au viwili vinakukinaisha.

Mahitaji: tende gramu 400 zilizokwisha kutolewa kokwa, lozi gramu 75, korosho gramu 75, pistachio gramu 50, samli vijiko 2 vya chakula na kimoja cha akiba, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, na ufuta wa kuviringishia.

Hatua ya 1: Tende

Chukua tende laini, zile ukizibonyeza zinabonyea. Khalas ya Oman inafaa sana. Zile za bei nafuu zilizobanwa kwenye paketi pia zinafaa, lakini soma maandishi ya paketi: nyingine zimepakwa sharubati ya glukosi, na hapo maana ya kuacha sukari imekwisha. Pasua kila tende kwa urefu uione ndani. Usiisukume kokwa itokee upande mmoja. Mdudu hukaa karibu na kokwa, na tende kwa nje inaonekana nzima kabisa. Ukikuta unga mweusi ndani, tupa.

Hatua ya 2: Lozi, korosho na pistachio

Kaanga lozi bila mafuta kwa moto mdogo, kisha korosho peke yake, maana korosho huwahi kuungua. Pistachio usizikaange, zitapoteza kijani chake. Katakata zote kwa kisu au zigongegonge kwenye kinu, vipande viwe kama punje ya mahindi. Blenda iache kabatini. Inatoa unga upande mmoja na mafuta upande mwingine, na unga ule unakausha tende.

Hatua ya 3: Kuyeyusha tende

Hapa ndipo barfi inapopatikana au kupotea, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kuwasha jiko.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Yeyusha samli, tia tende, punguza moto uwe wa chini kabisa, uanze kuzibonyeza kwa mgongo wa mwiko. Ukipikia mkaa, funika makaa kwa jivu kwanza. Mwanzoni utaona kama hakuna kinachotokea, na hapo ndipo wengi hukimbilia maji. Usitie maji hata tone. Barfi yenye maji hunata mkononi, haikatiki vizuri, na huota ukungu upesi.

Kama tende ni kavu kweli, zipe mvuke kabla hazijaingia kwenye samli. Ziweke kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 5 hadi 10. Mfuniko ufunge kwa kitambaa, matone yasizidondokee. Zipanguse, ndipo uendelee.

Baada ya dakika chache vipande vitapotea, tende zitang'aa, kisha zitakuwa donge moja linalozunguka pamoja na mwiko, huku kitako cha sufuria kikibaki safi. Zima moto hapohapo. Chukua kidogo, weka kwenye sahani baridi, subiri dakika moja, uviringishe kwa vidole. Kikibonyea bila kunata, tayari. Kikinata, rudisha motoni dakika moja au mbili. Kikiwa kigumu kama tofi, umepitiliza: ongeza tende chache laini na kile kijiko cha samli cha akiba, uponde vyote kwa mwiko, moto ukiwa umezimwa.

Kuhusu samli nina msimamo: samli ya ng'ombe, basi. Mafuta ya mboga yaliyogandishwa huacha utando mdomoni. Asiyekula vitu vya maziwa anaweza kutumia mafuta ya nazi, lakini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwa joto la Dar au Mombasa barfi itatoka jasho la mafuta ikikaa nje ya friji.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Tia iliki, lozi, korosho na pistachio donge likiwa bado la moto. Hapa ndipo palipokuwa na tatizo la wifi: tende zilikuwa zimepoa, na lozi zimetoka kwenye friji. Vikiwa baridi, donge hujifunga na lozi hudondoka zenyewe kila ukikata. Kama ulizikaanga mapema, zipashe kidogo kwanza. Paka samli mikononi, ukande mpaka usione sehemu yenye tende tupu.

Hatua ya 5: Kuviringisha na kukata

Gawa mara mbili, viringisha ziwe kama soseji nene za sentimita 4, zipitishe kwenye ufuta uliokaangwa, zifunge kwa karatasi ya kuokea ukizibana, uziweke kwenye friji saa 2 au 3. Kata kwa kisu kizito ukikandamiza moja kwa moja chini, bila kukereza. Unene wa sentimita 1 unatosha.

Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko ndani ya friji, na utoe vipande robo saa kabla ya kuandaa, iliki ipate kunukia.