Kumkagua mtoto mgongo nyumbani
Binti yangu alikuwa na miaka 12. Nikimfunga kanga, nikaona bega la kulia limepanda, dalili mojawapo ya uti wa mgongo kupinda kwenda upande.

Mwanao abaki mgongo wazi, miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana. Ainame polepole mpaka mgongo ulale kama meza. Wewe chuchumaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, mpeleke akapigwe eksirei.

Eksirei ikionyesha uti wa mgongo umepinda digrii 25 hadi 40, na mtoto bado anakua, kwa kawaida huvalishwa vazi gumu la plastiki kiwiliwilini ili mpindo usizidi. Utafiti wa Marekani na Kanada wa 2013 ulionyesha kuwa waliolivaa karibu saa 13 kwa siku au zaidi, asilimia 90 na ushee hawakufikia digrii 50, kiwango cha kufikiria upasuaji. Basi hesabu saa, usiku pia. Ndani avae fulana ya pamba inayobana. Mkunjo mmoja tu wa fulana humchubua kiunoni.