Kusomesha watoto ukiwa Uingereza: anza na fomu ya kujiunga

Wengi wetu huku Uingereza, tukitaka kuanzisha shirika la hisani la kusomesha watoto Tanzania, huanza na jina la shirika na nembo. Nakuomba uanze na karatasi moja: fomu ya kujiunga na shule. Tanzania iliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini aliyepangiwa bweni anatakiwa afike na godoro, shuka, ndoo, jembe, tranka, viatu vyeusi na rimu ya karatasi, tena na nauli mkononi. Nimemwona binti aliyefaulu vizuri akikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa godoro. Hapo ndipo mchango wako unapohitajika.

Kwa England na Wales, wengi inawafaa kusajili CIO, yaani shirika la hisani lenye hadhi yake kisheria, kwa Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani. Shirika linakuwa na mali na mikataba kwa jina lake, na kwa kawaida wadhamini (trustees, wanaolisimamia) hawabebi madeni yake. Tafuta wadhamini watatu au zaidi, wasiwe mume, mke na shemeji. Ukiwa Uskoti, msajili ni OSCR.

Sasa suala la ndugu, maana ndilo linalotutesa. Sheria inataka shirika linufaishe umma. Mpwa wako ukimsomesha kwa kuwa ni mpwa wako, mlipie kwa pesa yako. Andikeni vigezo kabla ya kupokea jina hata moja, kisha walimu na ofisa maendeleo ya jamii wa kata wawapendekeze watoto. Shangazi atapiga simu. Mwamkie, msikilize mpaka amalize, halafu mweleze kwamba vigezo vilipitishwa na kikao na huwezi kuvivunja peke yako.

Mchangiaji anayelipa kodi Uingereza akijaza tamko la Gift Aid, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, huliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni 1. Ila pesa ikivuka mpaka, ni juu yenu kuonyesha ilikotumika. Mwaka wetu wa kwanza tulituma pesa ya sare kwa mtu tuliyemwamini, bila kudai risiti. Akafiwa, pesa ikaishia msibani. Sikumlaumu sana, lakini watoto sita walianza muhula na mashati ya kaka zao. Siku hizi tunamlipa fundi na mwenye duka moja kwa moja. Risiti inapigwa picha ikiwa na jina la mtoto, na mwalimu anasaini kwamba kiatu kimemtosha.

Usimpokee mtoto wa kidato cha kwanza kama huoni pesa ya miaka minne itatoka wapi. Afadhali watatu wamalize kuliko kumi waachwe njiani. Picha zao usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, maana watoto hawa wana majirani na wanafunzi wenzao wanaoziona.

Shule hufunguliwa Januari. Pesa ivuke mwanzoni mwa Desemba, fundi akiwa bado ana nafasi ya kumpima mtoto.