Kurudisha mipira ya maji na ya vakyumu kwenye Canter 4D33 baada ya ovahoo

Injini ya 4D33 ya lori la Mitsubishi Canter ikishafungwa baada ya ovahoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya), kila mtu anataka kuisikia ikinguruma, na hapo ndipo mipira huvishwa haraka haraka. Mpira wa maji ukivuja, gasketi mpya inaungua. Mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa unaolainisha breki) ukikosewa, dereva anashuka mlima Kitonga na pedali ngumu kama jiwe. Fanya kazi hii taratibu, kwa mpangilio huu.

1. Safisha shingo za bomba. Kwangua mabaki ya mpira na gundi, kisha piga msasa laini hadi kutu iishe. Usipake silikoni: vipande vyake hukatika na kwenda kuziba rejeta. Lowesha shingo kwa kulanti (maji ya kupozea injini) kidogo, mpira utaingia. Oili na grisi usitumie, zinaula mpira.

2. Rudisha thamostati, vali inayofunguka maji yakipata moto. Mafundi wengi huitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Siafiki kabisa. Ikitolewa, ile njia fupi ya kurudi kwenye pampu ya maji haifungwi tena, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari linachemka. Kwenye tambarare linakaa baridi mno, na ringi mpya za pistoni hazikai vizuri kwenye silinda. Unapoifunga, kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu, hewa ipate pa kutokea.

3. Vaa mipira ya maji. Anza na ule mfupi wa njia ya kurudi kwenye pampu, kwa sababu ukishafunga mingine hutaufikia. Kisha wa chini, wa juu, na ya hita. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, isikae juu yake. Mpira wa chini unavutwa na pampu, kwa hiyo ukiubonyeza ukauona umelegea, weka mwingine.

4. Vakyumu. Injini hii ya dizeli haipati vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa), kwa hiyo inategemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta. Pampu hiyo ina njia tatu: mvuto, oili ya kuingia, na oili ya kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kabla ya kufunga mpira wa mvuto, tia oili safi kidogo kwenye tundu lake na uzungushe puli kwa mkono, ili pampu isianze ikiwa kavu. Mpira wa kurudisha oili ushuke bila kukunjika. Ukikunjika, oili inajaa kwenye pampu.

Vali ya njia moja ipime kwa mdomo: hewa ipite kutoka upande wa busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya pedali ya breki) kwenda kwenye pampu, isirudi. Ikigeuzwa, busta haipati kitu. Mpira wenyewe uwe mnene, wa vakyumu. Ule mwembamba wa mafuta hunywea ukipata joto, na breki hupotea kidogo kidogo bila dereva kujua sababu. Kwa ile midogo ya breki ya ekzosi (inayoziba njia ya moshi ili kupunguza mwendo), fuata alama ulizoweka wakati wa kufungua.

5. Jaza maji. Fungua hita hadi mwisho wa moto. Mimina kulanti polepole huku ukiminya mpira wa juu. Washa, acha injini isailensi (ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta), ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka, mpaka mpira wa juu upate moto ghafla: thamostati imefunguka. Mapovu ya mwanzo ni hewa. Yasipokoma, usihangaike na klipu, chunguza gasketi ya silinda hedi.

6. Pima breki kabla gari halijatoka. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, rudi hatua ya 4.

Injini ikipoa kabisa, kaza klipu zote tena, maana mpira mpya hulegea baada ya joto la kwanza. Ndipo ufungue mfuniko wa rejeta na kuangalia kiwango.